Tungule zikijikunja na muhogo ukioza: mjue nzi mweupe kabla ya kununua dawa

Ukiutikisa mche wa tungule wakati wa kaskazi, Januari au Februari, jua kali na mvua imeshasahaulika, utaona kitu kama unga wa ngano kikiruka kutoka chini ya majani, kisha kikarudi kutua pale pale. Kuna wanaodhani ni vumbi. Si vumbi, ni nzi mweupe, ambaye wataalamu wanamwita Bemisia tabaci. Urefu wake ni kama milimita 1 tu, lakini ndiye anayebeba maradhi ya tungule (nyanya, kwa wenzetu wa bara), muhogo, pilipili, mabamia na viazi vitamu. Mkulima wa pwani anapata hasara kwake mara mbili. Kwanza anapoteza mazao, kisha anapoteza pesa za dawa alizonunua maji yakiwa yameshamwagika.

Hasara hiyo ya pili ndiyo iliyonifanya niandike. Mtu huenda agroveti akasema, "Nipe dawa ya tungule zinazojikunja," na muuzaji humpa chupa. Ukweli ni kwamba dawa hiyo haipo. Hakuna chupa inayoutibu mmea ulioingiwa na virusi, hapa wala ng'ambo. Kilichomo chupani huua mdudu, na majani yanapoanza kujikunja, mdudu aliyeleta ugonjwa alishafanya kazi yake wiki mbili au tatu nyuma. Huenda ameshakufa kwa uzee. Unayempulizia leo ni mjukuu wake.

Mdudu mwenyewe

Jina lake linapotosha, kwani huyu si nzi hasa. Ni wa ukoo mmoja na vidukari na wadudu gamba, wenye mdomo kama sindano wa kufyonzea utomvu. Alielezwa kitaalamu mara ya kwanza mwaka 1889 kutoka kwenye tumbaku huko Ugiriki, na ndiyo maana ya hilo neno tabaci. Siku hizi wataalamu wanasema jina hilo moja limefunika aina zaidi ya 30 zinazofanana kwa macho lakini zinatofautiana kwa tabia: mmea wanaoupenda, virusi wanavyovibeba vizuri na sumu wanayoistahimili. Basi usishangae dawa iliyomfaa mkulima wa sehemu nyingine ikikushinda wewe.

Jike hutaga mayai zaidi ya 100 upande wa chini wa jani. Kitoto kinachoanguliwa hutambaa kidogo, kikatafuta mahali, kikachoma mdomo wake na kutulia hapo hapo kama gamba dogo la rangi ya maziwa hadi kiote mbawa. Kwa joto letu, kutoka yai hadi mdudu mzima huchukua wiki 3 hivi. Hesabu mwenyewe vizazi vingapi vinapita kati ya Desemba na mvua za Aprili. Mvua kubwa ya masika huwapiga wengi wakaanguka, na ndiyo sababu tungule za kaskazi huumia kuliko za kusi.

Wakiwa wengi sana, mkojo wao mtamu hudondoka juu ya majani ya chini na kuota ukungu mweusi kama masizi ya sufuria. Huo nao ni uharibifu, lakini ni mdogo. Masizi yanaoshwa kwa maji. Kilichoingia ndani ya mmea hakioshwi.

Namna virusi vinavyoingia kwenye tungule

Ugonjwa mkubwa wa tungule ni ule wa majani kujikunja na kuwa manjano. Mche hudumaa, majani ya juu yanakuwa madogo, yamekunjwa kuelekea juu kama vikombe, kingo zimepauka, na maua hupukutika kabla ya kushika tunda. Ulielezwa kwanza huko Mashariki ya Kati katika miaka ya 1930. Leo umeenea karibu nchi zote za joto, na jamaa wa virusi hivyo wamepatikana Tanzania na kwengineko Afrika Mashariki.

Nzi mweupe akifyonza mmea mgonjwa kwa muda usiofika hata nusu saa, virusi huingia tumboni mwake, vikapita kwenye damu mpaka kwenye mate. Safari hiyo huchukua masaa kadhaa, na huweza kufika siku nzima. Ikikamilika, mdudu huyo anaambukiza kila mmea anaouchoma, aghlabu hadi kufa kwake. Kwa hivyo hahitaji kuwa mwingi. Konde inaweza kuwa na nzi wachache usiowaona na bado ikaugua yote, wakiwa wametoka kwenye tungule kuukuu za jirani.

Kwa mkulima, lenye uzito zaidi ni umri wa mche unapoambukizwa. Mche ulioingiwa kitaluni, au mwezi wa kwanza baada ya kuupandikiza, hautakupa kitu. Ulioingiwa ukiwa umeshashika matunda utakupa mavuno pungufu, lakini utakupa. Wiki za mwanzo ndizo za kulinda, na ndizo watu wengi wanazozipuuza kwa sababu mche ungali mdogo na mzuri, hauna dalili yoyote.

Kuna swali watu huuliza kwa sauti ya chini: je, tungule au kisamvu cha mmea mgonjwa kinadhuru mlaji? Virusi hivi ni vya mimea, haviambukizi binadamu. Kinachoweza kukudhuru ni sumu iliyopuliziwa juzi, tunda likachumwa leo na kesho liko Kongowea.

Muhogo, ambao ugonjwa wake tunaubeba wenyewe

Tungule ni biashara, ila muhogo ni maisha. Ni kisamvu cha mchana, ni muhogo wa nazi wa futari, ni kachri za vijana pale Lighthouse, na ni akiba ya mwenye konde ndogo Kilifi au Kwale ambaye huuacha ardhini mpaka siku ya shida. Una maradhi mawili makubwa yanayobebwa na nzi mweupe, na yote yana historia hapa kwetu.

La kwanza ni batobato. Majani hupata mabaka ya manjano na kijani, yakapinda na kuwa madogo. Otto Warburg, Mjerumani, aliuandika ugonjwa huu mwaka 1894 kutoka nchi ambayo leo ni Tanzania. Mwishoni mwa miaka ya 1980 uliripuka Uganda kwa ukali usiowahi kuonekana. Watafiti walikuja kugundua kuwa virusi viwili, vya Afrika na vya Afrika Mashariki, vilikutana ndani ya mmea mmoja vikachanganya vinasaba na kuzaa aina mpya. Wilaya nzima nzima ziliacha kulima muhogo, na katikati ya miaka ya 1990 maradhi yakavuka hadi magharibi mwa Kenya.

La pili ni michirizi ya kahawia, na huu ni wetu hasa, watu wa mwambao. H. H. Storey, aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, aliuelezea mwaka 1936. Kwa takriban miaka 70 ulihesabiwa kuwa ugonjwa wa nyanda za chini za pwani na kando ya Ziwa Nyasa tu, mpaka ulipozuka Uganda mwaka 2004. Hata mbebaji wake hakuthibitishwa kwa majaribio hadi 2005, akapatikana ni huyu huyu nzi mweupe. Tofauti ni kwamba virusi vya michirizi havikai ndani yake maisha yote, hudumu siku moja au mbili tu. Maana yake ni kwamba mdudu havipeleki mbali. Anayevipeleka mbali ni mtu na mzigo wa vijiti begani.

Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba unajificha. Mama mmoja wa upande wa Msambweni aliwahi kuniuliza, "Mwanangu, mbona mihogo yangu juu imenawiri, nikichimba nakuta imeoza?" Nikamwambia, "Mama, uliangalia majani ya juu. Dalili ziko chini." Na ndivyo ilivyo. Majani machanga huwa safi, lakini ya chini, yaliyokomaa, huwa na manjano yanayofuata mishipa kama unyoya. Kwenye shina la kijani huweza kuonekana michirizi ya hudhurungi. Ukikata kiazi chenyewe unakuta mabaka makavu ya rangi ya kahawia, magumu kama gome, hata ukichemsha hayaivi. Na kadiri unavyouacha ardhini ndivyo yanavyozidi. Akiba ile inakuoza ukiitazama. Wengi hulazimika kuchimba mapema, viazi vingali vidogo, ili waokoe kidogo.

Utafiti uliofanywa pwani ya Kenya miaka ya 1970 na 1980 juu ya batobato ulionyesha jambo ambalo hadi leo halijawafikia wakulima wa kutosha. Katika mazingira yetu, sehemu kubwa ya ugonjwa ilikuwa inaingia kondeni kwa vijiti vya kupandia kuliko kwa mdudu. Aliyepanda vijiti safi na akang'oa mapema vilivyougua, konde yake ilibaki na hali nzuri. Mwaka wa wadudu wengi hesabu huweza kubadilika, kama ilivyotokea Uganda. Lakini msingi ni ule ule: kijiti kutoka mti mgonjwa ni ugonjwa uliopandwa kwa mkono.

Na sisi tunapeana vijiti kwa wema. Jirani amevuna, anakupa mzigo bure, shemeji anatoka Malindi na mwengine wa mbegu tamu. Ni desturi nzuri isiyo na haja ya kuachwa. Inachohitaji ni macho. Usichague kijiti siku ya kuvuna, wakati majani yameshapukutika na kila shina linafanana na jengine. Pita kondeni miezi mitatu au minne kabla, mti ungali na majani, uangalie ya juu na ya chini, kisha ufunge kitambaa kwenye miti iliyo safi. Siku ya kuvuna kata vijiti kwenye hiyo tu, na hata hapo pasua viazi vyake. Ukikuta kahawia, vijiti vya mti huo vitupe.

Mbegu nazo zinatofautiana. Kibandameno inapendwa kwa utamu wake, lakini haina nguvu mbele ya maradhi haya. Pale Amani, Storey na wenzake walianza tangu miaka ya 1930 kuuchanganya muhogo na mti wa mpira wa jamii yake, na kutoka kazi hiyo ilipatikana mbegu inayoitwa Kaleso hapa kwetu na Namikonga Tanzania, ambayo bado inasifika kwa kustahimili michirizi. Nyengine za Amani zilifika Nigeria zikawa wazazi wa mbegu nyingi za kisasa. Kituo cha utafiti cha Mtwapa nacho kimetoa mbegu kama Tajirika, Karembo, Shibe na Nzalauka. Kustahimili si kinga kamili. Mbegu bora ikirudiwa miaka mingi kwa vijiti visivyochaguliwa nayo hujaa virusi, kisha tunasema mbegu imechoka.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo kaunti zetu zingetia pesa: mashamba ya vijiti safi, yaliyokaguliwa, karibu na kila wadi. Gharama yake haizidi ya mambo mengi tunayoyaona yakizinduliwa kwa hema na spika.

Viazi vitamu nitavigusa tu. Hapo nzi mweupe hubeba virusi vya aina moja na kidukari vya aina nyengine. Kila kimoja peke yake ni nafuu, ila vikikutana kwenye shina moja mmea hujikunyata na mavuno huanguka kabisa. Dawa yake ni ile ya muhogo, kwani marando nayo hupandwa kutoka mti hadi mti.

Habari ya dawa

Sisemi dawa zote hazina kazi. Nasema zinatumika vibaya. Nzi mweupe ni hodari wa kuzoea sumu. Ukirudia ile ile kila wiki unawaua dhaifu na kuwaachia konde wale wenye nguvu wazaane. Dawa za jamii ya pairethroidi, ambazo ni rahisi na zinapatikana kila duka, mara nyingi ameshazizoea. Zinaowaua sawasawa ni buibui, bibi wa kobe na vinyigu vidogo vinavyotaga ndani ya watoto wa nzi mweupe. Matokeo yake, wiki mbili baada ya kupuliza, nzi ni wengi kuliko mwanzo. Mkulima hudhani dawa ilikuwa feki. Pengine ilikuwa, lakini hata ya kweli hufanya hivyo.

Ukilazimika, badilisha jamii ya dawa, si jina la chupa tu, maana majina tofauti hubeba sumu moja. Soma kwenye kibandiko jina la kiungo chenyewe. Elekeza bomba chini ya majani, kwani huko ndiko walipo. Hesabu siku za kusubiri kabla ya kuchuma. Na muhogo unaochumwa kisamvu usiupulizie kabisa, kwa sababu mtu huchuma leo, kesho na keshokutwa.

Mwarobaini tunao kila ua, na una kazi yake hapa. Kusanya mbegu zilizoiva, zioshe nyama, zianike kivulini, kisha uvunje ganda na kutwanga kiini. Gramu 50 za unga huo kwa lita 1 ya maji, ziache usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia sabuni kidogo, puliza jioni, kwa sababu jua huiharibu. Haimuangushi mdudu mzima papo hapo. Huvuruga ukuaji wa watoto na kupunguza ulaji. Kwa hivyo inafaa kupunguza idadi, haifai kuokoa konde iliyoshaambukizwa.

Yanayofaa zaidi kwa tungule

Kitalu kifunikwe neti. Si chandarua cha mbu, nzi mweupe hupita kwenye matundu yake bila kuinama. Inatakiwa neti maalumu ya wadudu yenye matundu ya robo milimita hivi, na kingo zifukiwe udongoni. Kwa kitalu cha miche mia chache haihitajiki kubwa, na wakulima watatu wanaweza kuchanga na kutumia kwa zamu. Kitalu kikae mbali na konde kuukuu. Ukinunua miche barabarani, geuza jani kabla hujageuza mfuko wa pesa.

Mbegu zinazostahimili ugonjwa wa kujikunja zipo madukani, nyingi ni chotara na bei yake inauma. Kwa tungule za kaskazi naona zinalipa, kwa za kusi mtu anaweza kujaribu za kawaida. Ng'oa mche wenye dalili mwezi wa kwanza bila huruma, utie ndani ya mfuko papo hapo ili wadudu wasihamie wa pili. Mnavu na magugu mengine kando ya konde nayo huweza kuhifadhi virusi bila kuonyesha chochote, kwa hivyo palizi isiishie kwenye matuta.

Kubwa kuliko yote ni konde iliyokwisha kuvunwa. Tungule zikishuka bei, watu huziacha zikauke zenyewe, na ile miti iliyobaki hulea nzi na virusi mwezi mzima huku jirani anapandikiza miche mipya hatua 50 tu kutoka hapo. Jamhuri ya Dominika, huko Karibea, ilipigwa na ugonjwa huu mapema miaka ya 1990 hadi viwanda vya tungule vikakaribia kufungwa. Walichofanya ni kuweka amri: miezi mitatu kwa mwaka hakuna kulima tungule wala mimea mingine inayolea nzi mweupe. Mnyororo ukakatika, na pamoja na mbegu stahimilivu, kilimo hicho kikarudi.

Hapa kwetu sidhani amri kama hiyo ingefuatwa, na konde zetu ni ndogo zilizochanganyika mno. Lakini kijiji kimoja, au kikundi cha wakulima wanaochota maji kisima kimoja, kinaweza kukubaliana wang'oe mabaki ndani ya wiki moja baada ya mchumo wa mwisho, na wapandikize pamoja. Wakati mwafaka wa kulizungumza ni sasa kabla ya kaskazi, miche ikiwa bado haijatiwa kitaluni.